Nembo ya Chama na Mkono Unaoingia Kinywani

Msimu wa korosho uliopita nilimsindikiza mama yangu mdogo kutoka Nanyamba hadi Mtwara mjini kwenda kung'oa gego lililokuwa limemnyima usingizi kwa wiki mbili. Malipo ya mnada yalikuwa yameingia, na kama ilivyo kawaida ya huku kwetu, maumivu yaliyovumiliwa tangu masika yalikuwa hatimaye yamepata nauli. Kliniki tuliyoelekezwa ilikuwa ya mtu binafsi: chumba cha mbele chenye benchi na feni, na chumba cha nyuma kilichotengwa kwa pazia la kijani. Tulikaa pale karibu saa nzima, na kwa kuwa simu yangu ilikuwa imeishiwa chaji, nikaanza kusoma ukuta.

Ukutani kulikuwa na fremu 6. Ya kwanza ilikuwa leseni ya biashara, ya pili cheti cha mlipakodi, ya tatu cheti cha usajili wa kituo, na ya nne cheti cha kuhudhuria semina ya siku mbili iliyofanyika Dar es Salaam. Ya tano ilikuwa kalenda ya dawa ya meno, ambayo sijaelewa hadi leo kwa nini ilistahili kioo. Ya sita, kubwa kuliko zote na yenye nembo ya rangi, ilitangaza kwamba mwenye jina lililoandikwa hapo ni mwanachama wa chama cha kitaaluma. Karatasi pekee iliyohusu mkono ambao ungeingia kinywani mwa mama mdogo, yaani leseni ya kutoa huduma, haikuwapo. Nilipoiulizia, kijana wa mapokezi alitoa nakala kutoka kwenye droo. Muda wake ulikuwa umekwisha miezi 7 nyuma. Jina lililokuwamo lilikuwa lile lile la kwenye fremu kubwa, la mwenye kliniki, ambaye siku hiyo alikuwa safarini. Nyuma ya pazia alikuwapo mtu aliyetambulishwa kwetu kwa neno moja tu, "msaidizi".

Mama mdogo alinivuta shati. "Mwanangu," akaninong'oneza huku ameshika shavu, "nimekuja kung'olewa jino, sikuja kuposwa. Maswali ya ukoo wake ya nini?" Tuliondoka jino likiwa bado kinywani mwake, na hakunisemesha hadi jioni.

Nimelikumbuka tukio hilo kila ninapokutana na ushauri ambao siku hizi umeenea katika vipeperushi na vipindi vya afya, kwamba mtu anayetaka kutibiwa meno achague daktari aliye mwanachama wa chama cha madaktari wa meno. Ushauri huo si mbaya. Kasoro yake ni kwamba unawekwa mwanzoni mwa safari ilhali mahali pake ni katikati, na kwa mgonjwa wa Mtwara au Lindi, ambaye mara nyingi amefika kliniki akiwa ameshachelewa na hana pengine pa kwenda, unaweza kumfanya aiangalie fremu kubwa na kuisahau droo.

Neno nembo lenyewe lina historia yake katika pande hizi. Kabla halijawa alama ya kampuni, ya klabu au ya chama, nembo zilikuwa chale za usoni. Wamakonde wa uwanda wa Newala na wa ng'ambo ya mto Ruvuma walichanjwa nembo na kuchongwa meno, na hata leo unaweza kukutana na bibi wa makamo ya juu kabisa aliyebaki na alama hizo. Nembo ile ilisema mtu ni wa watu gani, na kwa hiyo ilisema pia nani wa kuulizwa akikosea. Fundi aliyechonga meno ya kijana alikuwa mtu wa kijijini. Jino likipasuka, mjomba wa kijana aliujua mlango wa kwenda kubisha. Sina nia ya kuipamba mila hiyo, kwa maana jino lililochongwa hupoteza tabaka lake gumu la nje, husisimka na kuuma kwa kitu baridi, na huoza upesi zaidi. Ninalotaka kulionyesha ni kwamba alama ilikuwa na watu nyuma yake. Swali la haki la kuiuliza nembo iliyo katika fremu ni hilo hilo: nyuma yako kuna nani, na nikiumizwa nitabisha mlango gani?

Kwa Tanzania Bara, jibu la sehemu ya pili ya swali hilo si chama. Anayempa mtu ruhusa ya kutibu meno ni Baraza la Madaktari Tanganyika, linalofanya kazi chini ya Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017. Jina Tanganyika lisimshangaze msomaji. Zanzibar ina baraza lake, na suala la afya si la Muungano. Baraza ndilo linaloandikisha, linalotoa leseni, linalodai ushahidi kwamba mtaalamu ameendelea kujifunza kabla ya kuihuisha leseni hiyo, na linalopokea malalamiko ya wagonjwa. Linaweza kumpa mtu onyo, kumsimamisha, au kumfuta kabisa katika rejista. Chama cha Madaktari wa Kinywa na Meno Tanzania, ambacho wengi wanakijua kwa herufi zake tatu, TDA, ni umoja wa hiari wa wanataaluma. Chama kikimfukuza mwanachama leo, kesho asubuhi anaweza kufungua kliniki yake na kuendelea kung'oa meno bila kuvunja sheria yoyote. Baraza likimfuta, akishika koleo tena ametenda kosa.

Nadhani nimeelewa kwa nini watu wengi, wakiwamo wasomi, huyachanganya mambo haya mawili. Chama cha kitaaluma kinachojulikana zaidi nchini ni kile cha mawakili, Chama cha Wanasheria Tanganyika, kilichoundwa kwa sheria mwaka 1954, na wakili anayefanya kazi ya uwakili hana hiari ya kujiunga au kutojiunga nacho. Kwa wakili, uanachama na ruhusa ya kufanya kazi vinakwenda pamoja. Mtu aliyezoea hilo akisikia "mwanachama wa chama cha madaktari wa meno" anahitimisha kwamba asiye mwanachama ni kishoka. Si lazima iwe hivyo. Yupo daktari mwenye shahada, leseni hai na mkono mwepesi ambaye hajawahi kulipa ada ya chama, pengine kwa uzembe, pengine kwa sababu haoni chama kimemfanyia nini akiwa Liwale. Na anaweza kuwapo mwanachama mwenye kadi safi ambaye leseni yake imelala kwenye droo kama ile niliyoiona.

Hapa Kusini tuna kipimo chetu cha kulielewa jambo hili, nacho ni korosho. Mkulima huuza kupitia AMCOS yake, yaani chama cha ushirika wa mazao, na uanachama wake ni jambo la maana: ndiyo njia ya kufika ghalani, ya kuingia mnadani, na ya kuulizia malipo yakichelewa. Lakini hakuna mnunuzi anayenunua gunia kwa sababu tu mwenye korosho ni mwanachama. Ghalani huchukuliwa sampuli, korosho zikakatwa katikati, kikatazamwa kiini, na hapo ndipo hujulikana ipi ni daraja la kwanza na ipi ni la pili. Kadi ya ushirika haijawahi kuikausha korosho iliyolowa. Ajabu ni kwamba watu hao hao walio makini ghalani huingia kliniki na kuridhika na rangi ya kibao cha nje.

Vyama vya madaktari wa meno, kwa kweli, vilizaliwa kutokana na shida kama yetu, ya watu kushindwa kumtenga fundi na kishoka. Nchini Marekani mwaka 1840 kiliundwa chama cha kwanza cha kitaifa cha wapasuaji wa meno, mwaka ule ule ambao chuo cha meno cha Baltimore kilianzishwa. Mwaka uliofuata jimbo la Alabama likatunga sheria ya kwanza nchini humo ya kusimamia kazi hiyo. Chama hicho cha 1840 kilikuwa na nia njema na kikafa vibaya. Wanachama wake waligombana kuhusu amalgamu, ule mchanganyiko wa zebaki na madini mengine unaozibia meno, hadi kikawalazimisha watu wake kuweka sahihi kwamba hawataitumia kamwe. Waliokataa walihesabiwa wakosaji, mgogoro ukaila ada na heshima ya chama, na kufikia mwaka 1856 kilikuwa kimevunjika. Miaka 3 baadaye, mwaka 1859, wajumbe 26 walikutana Niagara Falls na kuanzisha chama ambacho kipo hadi leo. Amalgamu iliendelea kuziba meno ya dunia kwa zaidi ya karne moja baada ya hapo. Msukumo wa kuipunguza wakati wetu umetoka kwingine, katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 kuhusu zebaki, unaolenga kulinda afya ya binadamu na mazingira.

Uingereza inatupa somo jingine, na kwangu mimi ndilo lililo karibu zaidi na hali yetu. Bunge lilipitisha sheria ya madaktari wa meno mwaka 1878, na chama chao kikaundwa mwaka 1880. Sheria ile ililinda jina na kuiacha kazi wazi. Asiyesajiliwa alikatazwa kujiita daktari wa meno, lakini hakukatazwa kung'oa jino. Matokeo yake ni kwamba kwa miaka 43, hadi sheria mpya ya 1921, mitaa ya miji ya Uingereza ilijaa vibao vilivyotangaza meno ya bandia na kung'oa bila maumivu, na wenye vibao hivyo waliliepuka kwa uangalifu mkubwa lile neno moja lililolindwa. Chama kilikuwapo muda wote huo na kilipiga kelele. Kelele zake ndizo zilizosaidia kuleta sheria ya 1921, lakini katika ile miaka 43 mgonjwa wa kawaida hakulindwa na chama. Alilindwa na bahati yake. Leo hii Uingereza ina baraza lake la usajili, lililoanza kazi mwaka 1956, na ina chama chake cha hiari, na hakuna anayedhani kwamba cha pili kinaweza kushika nafasi ya la kwanza.

Baada ya kusema hayo yote, nitakuwa mwongo nikisema kwamba uanachama hauna maana. Una maana kubwa, na maana hiyo ni kubwa zaidi Tandahimba kuliko Dar es Salaam, ingawa si kwa sababu inayotajwa na vipeperushi.

Mtaalamu wa meno aliye katika hospitali kubwa ya jijini ana wenzake wa kumsahihisha bila hata yeye kuomba. Akikosea kusoma picha ya eksirei, yupo wa chumba cha pili atakayesema, "Hebu itazame tena." Mtaalamu wa wilayani hana mtu huyo. Mara nyingi yeye ndiye idara nzima: ndiye anayepima, ndiye anayechoma sindano ya ganzi, ndiye anayeng'oa, ndiye anayeandika daftari la wagonjwa, na siku akienda likizo mlango wake unafungwa. Mtu anayefanya kazi peke yake kwa miaka huanza kuyaamini makosa yake kwa sababu hakuna anayeyaona. Kwa mtu wa namna hiyo chama ni kamba iliyomfunga na wenzake: mkutano wa mwaka ambamo anasikia kwamba njia aliyofundishwa imebadilika, namba ya simu ya bingwa anayeweza kumtumia picha ya jino lililomshinda, kanuni za maadili alizoapa mbele ya watu anaowaheshimu. Ukimkuta tabibu au daktari wa pembezoni ambaye bado anajisumbua kuhudhuria mikutano ya wenzake kwa basi la usiku mzima, umemkuta mtu anayejua kwamba hajui kila kitu, na mimi ningemkabidhi kinywa changu mtu huyo mapema zaidi kuliko mwenye kiti kipya cha ngozi.

Lipo pia jambo ambalo daktari mmoja hawezi kulifanya hata akiwa hodari kiasi gani, nalo ni kusema kwa sauti ya taaluma nzima. Wasomaji wa umri wangu watakumbuka habari ya "meno ya plastiki", ambayo tangu miaka ya 1980 imeandikwa na wanataaluma wa hapa nchini. Mtoto mchanga anapata homa au anaharisha, mtu anamfungua kinywa, anaona vivimbe vyeupe kwenye fizi, na mganga anavikwangua kwa kitu chenye ncha kali akidai ni meno ya ugonjwa. Vivimbe vile ni vichipukizi vya meno ya kawaida, mara nyingi ya chonge, na vikitolewa vikiwa bado laini huonekana kweli kama plastiki. Mtoto hutoka damu, hupata uambukizo, na homa yenyewe, ambayo pengine ni malaria, inabaki bila tiba. Wapo waliokufa. Daktari mmoja akisema ugonjwa huo haupo, bibi atamjibu kwamba yeye amewaona watoto waliopona. Taaluma nzima ikisema neno moja kliniki ya watoto, redioni na shuleni, mwaka hadi mwaka, imani huanza kulegea. Hiyo ndiyo kazi ya chama, na huwezi kuipima kwa kutazama fremu.

Ila ushauri wa kuchagua unadhani kwamba vya kuchagulia vipo. Aliyeutunga alikuwa na barabara akilini yenye kliniki 10, na yeye anatembea akisoma vibao. Mtu wa Kilwa Kipatimu au wa Mahuta hana barabara hiyo. Uamuzi wake si daktari yupi, bali kama ataipanda gari au ataisubiri Jumatatu nyingine akiwa na karafuu mdomoni, au kitu kibaya zaidi. Nimewahi kumwona jirani aliyetia mafuta ya ganda la korosho katika tundu la jino, yale mafuta meusi ambayo kila mwanamke aliyewahi kubangua korosho anayajua kwa makovu ya vidole. Maumivu ya jino yalipungua. Ufizi na shavu la ndani viliungua hadi akala uji kwa wiki moja, na jino likaja kung'olewa vile vile.

Na mgonjwa huyo wa pembezoni anapofika hospitali ya wilaya, anayempokea mara nyingi si daktari wa meno bali ni tabibu wa kinywa na meno. Jambo hili linapaswa kusemwa waziwazi, kwa sababu ushauri wa "chagua daktari mwanachama" ukichukuliwa kavu unamfanya tabibu aonekane kama mtu wa daraja la mashaka. Daktari wa meno husoma shahada ya miaka 5, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Muhimbili ilianza kuwafundisha mwishoni mwa miaka ya 1970. Tabibu husoma stashahada ya miaka 3, na Tanga na Mbeya ni majina ya zamani katika mafunzo ya kada hiyo. Mipaka yao ya kazi inatofautiana, na ni haki ya mgonjwa kuijua, lakini katika kung'oa gego lililooza, kusafisha ugaga na kuziba tundu la kawaida, tabibu aliyefundishwa na mwenye leseni ni mtu wa mahali pake. Wilaya nyingi za Kusini zingekuwa hazina huduma ya meno kabisa bila yeye. Kwa hiyo swali la kada linatangulia swali la chama: wewe ni nani kwa mafunzo yako, na tatizo langu liko ndani ya mipaka yako au nje? Tabibu mzuri hujulikana hasa kwa jino analokataa kuligusa na kuliandikia rufaa.

Kuna na ukweli mwingine ambao uanachama hauwezi kuubadilisha. Tiba inayotolewa zaidi katika vituo vyetu ni kung'oa. Sehemu ya sababu ni sisi, kwa kuwa tunafika jino likiwa limebaki ganda na usaha, na sehemu nyingine ni kwamba dawa za kuzibia, taa ya kukaushia na mashine ya picha hazipo au zimeharibika. Daktari mwanachama wa vyama vitatu, akiwa na koleo peke yake, atang'oa. Mgonjwa anayejiuliza atibiwe wapi anapaswa kuulizia na vifaa. Mimi ningeuliza kama wanaziba au wanang'oa tu. Kama vyombo vinatakaswa kwa mashine baada ya kila mgonjwa, au vinachovywa kwenye beseni la dawa na kurudishwa mezani. Na kama sindano inafunguliwa mbele ya macho yangu. Homa ya ini haisomi vyeti.

Kwa upande wa vyama vyenyewe, nina manung'uniko mawili. La kwanza ni tabia ya duniani kote ya kuazimisha nembo kwa biashara. Chama cha Marekani kimekuwa kikitoa muhuri wake kwa bidhaa za meno tangu mwaka 1931, na kwa haki yake kilianza kwa lengo la kuzipima bidhaa zilizokuwa zikidanganya watu. Lakini mtu wa kawaida anayeona alama ya kitaaluma kwenye boksi la dawa ya meno, kisha alama ya namna hiyo ukutani kwa daktari, hana namna ya kujua ipi imetokana na upimaji, ipi na ada ya mwaka, na ipi na mkataba wa matangazo. Kadiri nembo inavyobandikwa kila mahali ndivyo inavyopungua maana yake pale inapohitajika. Tusisahau pia kwamba chama cha kitaaluma, kwa asili yake, ni cha wanachama. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2012 ulitukumbusha kwamba maslahi ya mtaalamu na maslahi ya mgonjwa huenda pamoja siku nyingi, lakini si zote. Sisemi hayo kwa kulaumu. Mvuvi naye ana umoja wake na hautetei samaki.

La pili linahusu umbali. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550, na kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa kwenye mto Rufiji mwaka 2003, masika yalikuwa yanatukata na nchi. Barabara imekuja, mambo mengi bado hayajaja nayo. Tarehe 20 Machi ya kila mwaka dunia huadhimisha Siku ya Afya ya Kinywa na Meno, siku iliyotokana na shirikisho la kimataifa la vyama hivi, lililoanzishwa Paris mwaka 1900. Chama kinachotaka wananchi wachague wanachama wake kiitumie siku hiyo kubandika, katika mbao za matangazo za Newala, Ruangwa, Nachingwea na Kilwa Masoko, orodha ya wanachama wake waliopo katika mikoa hii miwili, kila mmoja na kituo anachofanyia kazi. Orodha ikiwa na majina 4, ibandikwe yenye majina 4. Chini yake ielezwe kwa Kiswahili cha kawaida mgonjwa aliyeumizwa na mwanachama aandike wapi, na chama kitafanya nini kabla ya jambo kufika kwenye Baraza. Bila hayo, kumwambia mtu wa Nangurukuru achague mwanachama ni kumwambia achague samaki akiwa bado baharini.

Na mgonjwa naye asijifanye mnyonge kuliko alivyo. Jina la daktari au tabibu linaweza kutafutwa katika rejista ya Baraza, na kijana yeyote mwenye simu na bando anaweza kumsaidia mzazi wake kufanya hivyo akiwa bado yuko kwenye basi. Fremu ya ukutani isomwe jina na tarehe, kisha aulizwe bila jazba kama mwenye jina ndiye atakayetibu. Nembo inamhusu mtu, haihusu jengo. Mwenye kliniki akisafiri, husafiri nayo.

Siku ya pili baada ya kuondoka kwenye ile kliniki ya fremu 6, nilimpeleka mama mdogo katika hospitali ya serikali. Tulipanga foleni tangu saa 1 asubuhi na kuingia karibu saa 5. Alikuwapo tabibu, binti mdogo aliyevaa ushungi chini ya barakoa, ambaye alimwamkia mama kwanza, akauliza jino linauma usiku au mchana, moto au baridi, ndipo akavaa glavu. Ukutani kwake hapakuwa na fremu hata moja, ila bango la kunawa mikono lililochanika pembe. Nikajikaza kuuliza kuhusu leseni, nikitarajia kuvutwa shati tena. Binti hakununa, alifungua mkoba wake, akaitoa ndani ya bahasha ya plastiki, akaikabidhi si kwangu bali kwa mama mdogo.

Mama mdogo aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza, akanipa. "Soma mwaka," akasema. Nikamsomea. "Na jina?" Nikamsomea na jina. Akamtazama binti, akatoa kanga shavuni, akaasama.